Kabla ya kununua saloni: namna ya kuchagua vyombo vya nyumba vizuri, vya kudumu na vya kuhama navyo

Nyuma ya kulipa nyumba, masomo ya watoto na hospitali, vyombo vya nyumba ni moja ya matumizi makubwa ambayo familia inafanya hapa Goma, Bukavu na miji mingine ya kwetu. Na pesa yenyewe haiji siku moja. Mama anangojea zamu yake kwenye likelemba, baba anaweka kidogo kidogo paka inafika. Kisha siku moja fotei mpya zinaingia, majirani wanakuja kuona, kila mtu anafurahi.

Mwaka mmoja nyuma, kiti kinaanza kulia kila mtu anapokaa. Sponji imeshuka. Mlango wa kabati haufungi tena. Na siku ya kuhama, fotei ya watu watatu inakataa kupita mlangoni, watu wanaanza kuikata mguu. Hapo njo pesa ya likelemba inapotelea.

Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa: ukianzia kwa metre, kwa mbao, kwa fundi, paka kwa kitambaa. Wazo lake kubwa ni moja: nunua kwanza kwa ajili ya wale wanaoishi ndani ya nyumba, na nunua kitu kinachoweza kupita mlangoni, kufunguliwa, kuhama na kusimama tena.

Saloni ni ya mgeni, nyumba ni ya wenyewe

Kwetu neno «saloni» liko na maana mbili. Ni chumba cha kupokelea wageni, na ni seti ya viti pia: fotei za mtu mmoja mmoja, ile kubwa ya watu watatu, na meza ndogo ya katikati. Mtu akisema «nimenunua saloni», hakuna anayefikiri kwamba amenunua chumba.

Kwa familia nyingi, saloni ndiyo inanunuliwa ya kwanza. Sababu inaeleweka: mgeni ataiona. Hakuna mtu anayependa mkwe wake akalie bido ya maji. Lakini ingia kwenye vyumba vya nyuma vya nyumba ileile. Watoto watatu wanalala kwenye godoro moja lililowekwa chini, kwenye sima ya baridi. Yule wa sekondari anaandika kazi za shule ameinama juu ya magoti. Nguo ziko ndani ya mifuko. Mgeni anakaa kwenye fotei saa moja kwa wiki. Mtoto analala saa nane kila usiku.

Hatusemi saloni ni kitu kibaya. Tunasema iwe na zamu yake. Kwa familia inayoanza, mpangilio huu unasaidia: kwanza vitanda, kisha meza moja imara ya kulia chakula na ya kusomea, kisha mahali pa kuweka nguo na sahani, mwishoni saloni. Wakati unangojea, banki mbili za mbao zenye mito mizuri na viti vichache vya plastiki vinapokea wageni bila haya. Viti vya plastiki viko na faida nyingine: vinapangwa kimoja juu ya kingine, vinawekwa pembeni, na siku ya kilio au ya sherehe jirani anaweza kuviazima.

Jambo la pili ni kuhama. Sisi wa hapa tunajua maana ya kubeba nyumba. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka paka katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 volkeno ililipuka tena, na siku tano nyuma wakuu waliagiza sehemu kubwa ya mji iondoke. Kuna wale ambao vita imewahamisha zaidi ya mara moja. Na hata pasipo volkeno wala vita, lokateri anahama: mwenye parsela amepandisha bei, ama familia imeongezeka. Siku ya kukimbia, mtu anabeba watoto na karatasi, kabati inabaki. Lakini siku ya kuhama kwa utulivu, ama ya kurudi, chombo kinachofunguka kinapanda kwenye chukudu ama kamionete, na kile kisichofunguka kinauzwa kwa bei ya kuni.

Anza na metre, usianze na duka

Ukienda sokoni bila vipimo, macho yatanunua. Fotei inayoonekana ya kawaida kwenye hangari kubwa la fundi inageuka tembo ndani ya saloni ya metre tatu kwa tatu na nusu.

Pima vitu vitatu mbele ya yote: chumba, mlango, na njia ya kuingilia. Mlango wa kawaida uko na upana wa karibu sentimetre 80, lakini nyumba nyingi za mbao ziko na milango ya sentimetre 70 ama chini yake. Pima nafasi iliyo wazi kati ya miimo ya mlango, usipime ubao wa mlango wenyewe. Angalia na korido: kama iko na kona, kitu kirefu hakitageuka.

Kisha fanya hivi: chukua chaki ama kamba, uchore chini kwenye sakafu umbo la kila chombo unachotaka. Acha familia ipite pale siku mbili. Kama mtu analazimika kutembea upande upande, chombo ni kikubwa. Njia ya kupita iwe angalau sentimetre 60 mpaka 70. Kati ya fotei na meza ya katikati, sentimetre 40 zinatosha: mguu unapita na mkono unafikia kikombe.

Kuna vipimo vya mwili ambavyo mafundi wazuri wanavijua. Mahali pa kukalia pawe na urefu wa sentimetre 42 mpaka 45 kutoka chini. Kwa mzee mwenye magoti yanayouma, heri 45 ama zaidi kidogo, na mikono ya kiti iwe imara ili ajisukume akisimama. Meza ya kulia iwe na urefu wa karibu sentimetre 75. Kila mtu anayekula anahitaji upana wa sentimetre 60. Kwa hiyo meza ya metre moja na sentimetre 20 inakalisha watu wawili kila upande, na kama kuna nafasi, mmoja kila mwisho. Usiruhusu fundi akwambie «tutaona tu». Mwili wa mtu hauongezeki sentimetre kumi juu ya verni.

Mbao: jina peke yake halitoshi

Kwenye masoko ya mbao ya kwetu, majina yanayosikika sana ni libuyu, muvula, eukaliptusi na grevilea. Libuyu ni mbao nyekundu ya jamii ya akaju. Muvula, ile ambayo wengine wanaita iroko, ni nzito, ya rangi ya manjano inayogeuka kahawia, na vidudu haviipendi sana. Hizi zinatoka kwenye pori kubwa, upande wa Beni, Ituri, Walikale na kwingineko, na safari ya barabara inaongeza bei yake. Eukaliptusi na grevilea zinapandwa karibu na sisi, kwenye vilima, kwa hiyo ziko rahisi.

Eukaliptusi si mbao mbaya. Iko na nguvu. Chukudu zetu, zinazobeba mizigo ya mamia ya kilo, zinatengenezwa kwayo. Shida yake ni kwamba inapenda kupasuka na kujipinda wakati inakauka. Kwa banki, kwa miguu ya meza na kwa mbavu za kitanda inafaa, kama imekauka vizuri. Kwa mlango mpana wa kabati, itakusumbua.

Mutego unaojulikana ni rangi. Mbao nyeupe inapakwa dawa nyekundu, verni juu yake, kisha unaambiwa: «Mama, iyi ni libuyu ya kweli, angalia iko nyekundu!» Usiangalie mbele. Geuza chombo. Angalia chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya droo, mahali ambapo verni haikufika. Omba fundi akwangue kidogo mahali pasipoonekana. Kama wekundu unatoka na chini ni kweupe, umepewa jina la libuyu bila libuyu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko jina: ukavu. Mbao mbichi iko na maji ndani. Inapokauka inapungua kwa upana, karibu haipungui kwa urefu. Hiyo ndiyo sababu meza iliyounganishwa kwa mbao mbichi inafungua nyufa kati ya mbao moja na nyingine wakati wa jua la mwezi wa sita mpaka wa nane, na droo iliyotengenezwa kavu sana bila kuachiwa nafasi inakwama wakati wa mvua. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema: mbao inayokauka kwa hewa inahitaji karibu mwaka mmoja kwa kila sentimetre mbili na nusu za unene. Mbao nyingi kwetu hazipati muda huo. Zinashuka kwenye kamio, na nyuma ya siku chache ziko kwa fundi.

Utajua namna gani? Beba vipande viwili vya aina moja na ukubwa mmoja. Kilicho kizito zaidi bado kinabeba maji. Gonga kwa kidole: mbao kavu inatoa sauti wazi, mbichi inatoa sauti ya kufa. Weka kiganja: mbichi iko baridi. Na angalia namna fundi anavyoweka akiba yake. Fundi anayepanga mbao chini ya paa, na vijiti kati ya mbao moja na nyingine ili hewa ipite, huyo anajua kazi. Yule anayeziegemeza ukutani kwenye mvua, bado unatafuta.

Angalia na matundu madogo yenye unga laini unaotoka. Hiyo ni alama ya vidudu vilivyo hai ndani. Mara nyingi vinakaa kwenye sehemu nyeupe ya nje ya mti, si kwenye moyo wake. Ukinunua chombo chenye unga huo, unaingiza wageni wasiolipa, na wataonja vyombo vingine.

Usinunue kiti kilichovaa nguo bila kuona mifupa yake

Fotei ni kama mtu aliyevaa koti: usipolitoa, huoni mwili. Chini ya kitambaa kizuri kunaweza kuwa na vipande vya mbao za koti za zamani, ama mabaki ya mbao za kujengea, vimepigwa misumari tu. Kwa hiyo, kama unaagiza kwa fundi, sema tangu mwanzo: nitakuja kuona mifupa mbele ya kuvalisha. Kama unanunua kitu kilicho tayari, pindua kiti na uombe kufungua kidogo kitambaa cha chini.

Unatafuta nini? Kwanza, maungo. Kiti imara kinaunganishwa kwa ulimi wa mbao unaoingia ndani ya tundu la mbao nyingine, pamoja na gundi. Misumari peke yake inashika leo, lakini kila mtu anapokaa na kuinuka, inachokonoa tundu lake kidogo kidogo paka inalegea. Pili, pembe. Ndani ya kila pembe pawe na kipande cha pembetatu kilichofungwa kwa visi na gundi. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kinazuia kiti kucheza. Tatu, unene: mbao ya mbele, mahali watu wanakalia, isiwe nyembamba kuliko sentimetre mbili na nusu.

Majaribio mawili ya haraka. Inua mguu mmoja wa mbele wa fotei ya watu watatu, karibu sentimetre 15. Mguu mwingine wa mbele unapaswa kuinuka mara moja. Kama bado uko chini, mifupa inajipinda. Kisha kaa kwenye pembe, si katikati, na ujisogeze kulia na kushoto. Kiti kinacholia kikiwa kipya kitaimba kikizeeka.

Kuhusu sponji, watu wengi wanauliza unene tu. Unene haukwambii nguvu. Nguvu inapimwa kwa uzito wa metre kibe moja, kile ambacho wauzaji wanaita dansite. Kwa kukalia kila siku, tafuta kilo 28 ama 30 kwenda juu. Chini ya kilo 20, itashuka upesi. Kama muuzaji hajui namba, tumia ngumi: bonyeza kwa nguvu, hesabu kumi, achilia. Sponji nzuri inarudi mara moja. Ile mbaya inabaki na alama ya ngumi yako, inakukumbusha.

Kitambaa nacho kinachaguliwa kulingana na mahali. Goma iko na vumbi nyeusi ya lava. Wakati wa kiangazi inaingia hata madirisha yakifungwa. Fotei nyeupe ni nzuri kwenye picha, lakini nani atafua? Chagua rangi ya katikati: kijivu, kahawia, kijani ya majani makavu. Omba mifuko ya mito iwe na zipu ili itoke na ifuliwe. Ngozi ya bandia inapanguswa upesi, lakini ile ya bei ya chini inapasuka na kubambuka, zaidi sana kama iko karibu na dirisha la jua.

Vyombo vya kutoka nje vinang'aa, lakini viulize maswali

Madukani kuna makabati na meza za televizyo zinazotoka mbali, zikiwa zimefungwa kwenye karto. Ziko na umbo safi na bei inayovuta. Nyingi zimetengenezwa kwa unga wa mbao uliobanwa pamoja na gundi, kisha zikafunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ndani ya chumba kikavu, bila kusogezwa, zinafanya kazi yake.

Lakini maji ni adui yake. Kila siku unapopangusa sakafu, maji yanapanda kwenye miguu. Inavimba, na ikivimba hairudi. Bati likivuja juu yake msimu mmoja, imekwisha. Na visi vyake vinashika mara moja tu: ukifungua na kufunga mara mbili tatu, matundu yanakuwa mapana, hayashiki tena. Kwa mtu aliye na nyumba yake, si mbaya. Kwa lokateri anayehama kila miaka miwili, afikiri mara mbili. Ukinunua, iweke juu ya vipande vidogo vya mbao ama mpira ili isiguse sakafu.

Chaguo lingine ni viti vya rotani, vile ambavyo wengine wanaita vya kekele. Viko vyepesi, mtu mmoja anabeba viwili, na vinapendeza. Angalia tu kama fungo zimekazwa, na usiviache kwenye mvua.

Kitanda: pima godoro kwanza

Wengi wanatengeneza kitanda, kisha wanatafuta godoro. Fanya kinyume. Pima godoro, ongeza sentimetre mbili kwa urefu na kwa upana, hicho ni kipimo cha ndani cha kitanda. Mbavu zinazobeba godoro ziachane sentimetre 5 mpaka 7. Zikiachana sana, sponji inaingia katikati na mgongo unalipa. Kitanda cha watu wawili kiwe na mguu wa katikati.

Omba mbavu za pembeni zifungwe kwenye kichwa na miguu kwa bulo, zisipigwe misumari. Siku ya kuhama, ufunguo mmoja unatosha na kitanda kinakuwa mbao sita bapa. Omba pia nguzo nne ndogo, ama mahali pa kuzifunga, kwa ajili ya moskitere. Ni kazi ndogo kwa fundi akiwa bado anatengeneza, ni usumbufu ukikumbuka nyuma.

Kwa watoto wengi na chumba kidogo, kitanda cha ghorofa kinasaidia. Lakini cha juu kiwe na kizuizi pande zote mbili, kipite juu ya godoro angalau sentimetre 15, na mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu.

Kabati ndefu ifungwe ukutani

Hili ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Tunaishi kwenye bonde la ufa. Bukavu inakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Goma inakumbuka siku za nyuma ya mlipuko wa 2021, ardhi ilipotikisika mara kwa mara. Kabati ndefu yenye miguu myembamba, televizyo juu ya bufe, sahani kwenye vitrini: vyote vinaweza kumwangukia mtu. Na hata bila tetemeko, mtoto anafungua droo tatu na kupanda kama ngazi.

Dawa yake haipiti dola chache: vyuma viwili vya pembe na visi. Kwenye ukuta wa matofali, tumia visi vyenye plagi zake. Kwenye nyumba ya mbao, visi viingie kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba wa ukuta. Vitu vizito viwekwe chini, vyepesi juu. Na usiweke kabati ndefu mahali ambapo ikianguka itafunga mlango ama itampata aliyelala.

Mapatano na fundi: karatasi inalinda urafiki

Shida nyingi kati ya familia na mafundi hazitoki kwenye wizi. Zinatoka kwenye maneno. Mteja alisema «kubwa», fundi alielewa yake. Fundi alisema «wiki mbili», kisha avansi ikaenda kumaliza kazi ya mteja mwingine, na kila siku jibu ni «kesho, mama, kesho bila kukosa».

Andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha: picha ndogo ya chombo, vipimo vyote, aina ya mbao na unene wake, aina ya sponji, rangi, bei yote, tarehe ya kumaliza, na sahihi za watu wawili. Kila mmoja abaki na nakala.

Pesa igawanywe mara tatu. Ya kwanza ni ya kununua mbao. Kama unaweza, nenda sokoni pamoja na fundi mzione. Ya pili itolewe siku unaona mifupa imesimama, mbele ya verni na kitambaa. Ya mwisho, si chini ya robo ya bei, itoke siku chombo kimefika nyumbani, kimepita mlangoni na umekikalia. Fundi mzuri hatakasirika. Na wewe pia, usimnyime haki yake: kazi ikikamilika kama ilivyoandikwa, lipa siku hiyohiyo. Fundi naye iko na watoto.

Na bei? Usilinganishe bei, linganisha miaka. Tuchukue mfano tu: saloni ya dola 300 inayodumu miaka mitatu inakulipisha dola 100 kila mwaka. Ile ya dola 450 inayodumu miaka kumi na mitano inakulipisha dola 30. Kama dola 450 hazipo leo, agiza fotei mbili nzuri sasa na ile kubwa mwaka ujao, kwa fundi yuleyule na kitambaa kilekile. Nunua kitambaa chote siku ya kwanza, ili rangi isitofautiane.

Uzuri hautoki kwenye wingi

Nyumba inapendeza wakati macho yanapata mahali pa kupumzika. Saloni iliyojaa fotei saba, vitrini, bufe, meza tatu na maua ya plastiki inaonekana kama depo. Chagua rangi moja ya mbao kwa chumba kizima. Chagua rangi moja kubwa ya vitambaa, kisha weka mito miwili mitatu ya kitenge yenye rangi kali. Kitenge kikichakaa, unabadilisha mito tu, na saloni inakuwa mpya kwa pesa ndogo.

Nyumba ya mbao mara nyingi iko na giza ndani. Rido nyepesi, ukuta uliopakwa rangi ya mwanga, na viti vyenye miguu inayoonekana vinafanya chumba kionekane kipana, sababu macho yanaona sakafu ikiendelea chini yake. Na pendelea chombo chenye kazi mbili: banki yenye sanduku ndani ya kuwekea mablanketi, meza inayokunjwa, tabure inayoingia chini ya meza.

Kutunza ni nusu ya kununua. Vuta vyombo sentimetre tano kutoka ukutani ili hewa ipite na ukungu usishike. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu mbele ya kile chenye maji, sababu vumbi ya lava inakwangua verni kama papye vere. Kaza bulo mara mbili kwa mwaka. Kiti kikianza kucheza, kipeleke kwa fundi wiki hiyo. Tundu likipanuka, bei nayo inapanuka.

Basi, siku zamu yako ya likelemba ikifika, mbele ya kutoa hata franka moja, jiulize: nani ndani ya nyumba anakihitaji zaidi? Kinapita mlangoni? Kinafunguka? Mbao ni kavu? Nimeona mifupa yake? Iko wapi karatasi yetu na fundi? Ukipata jibu kwa maswali hayo sita, nunua kwa amani. Ukikosa hata moja, rudi nyumbani na pesa yako, mbao itakungojea.